Mzazi mzee akae wapi? Nyumba ya geti, uswahilini, kijijini au mji mdogo

Siku tuliyoanua matanga ya baba, sisi watoto wanne tulijifungia chumbani kupanga mama atakaa wapi. Mama mwenyewe alikuwa nje na wanawake wa usharika, anaosha masufuria. Kaka yetu mkubwa ana nyumba Goba, Dar es Salaam: vyumba vitano, kisima, jenereta. Dada yangu amepanga Tandika, uswahilini jijini humo humo, chumba na sebule. Mimi niko Morogoro kwenye nyumba ya kazini. Mdogo wetu yuko Muscat, yeye hutuma hela. Kikao hakikufika nusu saa: mama aende Goba. Tulihesabu vyumba, tukahesabu hospitali, tukafunga kwa sala. Watu hatukuwahesabu.

Sasa ni karibu miaka mitatu. Mama ana miaka 76, na ameshakaa sehemu nne: Goba, Tandika, kijijini kwetu milimani Lushoto, na Soni, ule mji mdogo wa njiani unapopanda kwenda Lushoto mjini. Kila mahali alibadilika, hadi sauti yake kwenye simu. Naandika kwa ajili yako wewe ambaye ndugu zako wameitisha kikao cha namna hiyo, ili usilinganishe nyumba kwa nyumba kama tulivyofanya sisi.

Siku hizi swali langu la kwanza ni hili: ikifika saa nne asubuhi na mzee hajaonekana nje, ni nani, asiyelipwa wala kuagizwa, atakayeshtuka? La pili: anaweza kufika wapi kwa miguu yake bila kuomba nauli wala ruhusa? La tatu: kuna kazi gani hapo inayomsubiri yeye, ambayo asipoifanya watu watamuulizia? Dawa na hospitali ni swali la nne. Halijashuka thamani, ila sisi tulilifanya kuwa swali la pekee, na hapo ndipo tulipokosea.

Wala hili la watu si hisia za mtoto anayempenda mama yake. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000. Walikuta kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wenye uhusiano hafifu. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ikakadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kila mwaka. Kwa hiyo jirani anayepiga hodi asubuhi tumweke kwenye hesabu moja na vidonge vya presha.

Goba: nyumba ya geti

Nianze na mazuri yake, maana yapo. Goba ndiko mama alikofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ndiko alikopimwa presha kila mwezi bila kukosa, na kwa miezi yote saba ilikaa vizuri. Chakula kilikuwa kizuri, choo kiko ndani, maji ya moto yapo. Kaka na wifi walimpenda kwa dhati, na sitaki mtu asome hapa akadhani walimtelekeza.

Lakini iangalie siku yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kaka na wifi wanatoka kuwahi foleni. Saa kumi na mbili basi la shule linawachukua watoto. Kuanzia hapo hadi saa mbili usiku mama yuko na dada wa kazi, aliyepewa agizo la heshima kabisa: bibi asishike kitu. Mwanamke aliyelima miteremko ya Usambara miaka hamsini anazuiwa kumenya viazi. Televisheni inaonyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, yeye anasinzia kwenye kochi. Majirani wa kushoto na kulia hawakuwa wakijulikana kwa sura, ni rangi za magari tu.

Nilifika siku moja bila taarifa. Dada wa kazi alipofungua, nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda nyuma tu ya geti, kwa ndani, sikio lake upande wa barabara. Nikamwuliza, "Mama, mbona uko hapa juani?" Akasema, "Nawasikiliza wanaopita." Alikuwa ameshaanza kuzijua hatua za watu: huyu muuza mayai, huyu mwanafunzi, huyu ana mguu mbovu. Alijua miguu yao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nyuma ya lile bati jeusi kuna bibi.

Mwezi wa sita alianza kurudia swali lile lile mara tatu kwa saa. Miguu ikapungua nguvu, hata kupanda ngazi tatu za barazani akawa anashika ukuta. Sote tukasema ni umri. Baadaye nilisoma ripoti ya mwaka 2024 ya tume ya jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau. Imetaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, na inakadiria kwamba vikishughulikiwa vyote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepuka ugonjwa huo au ungechelewa kuwafikia. Vimo presha, kutoona vizuri, kutosikia vizuri, sonona, kukaa bila kuushughulisha mwili, na kutengwa na watu. Nilipoweka tiki, nikaona Goba ilimtibu mama viwili, macho na presha, na ikamwongezea viwili, upweke na kukaa kitako.

Wamarekani wana mji mdogo, Roseto, jimbo la Pennsylvania, uliojengwa na wahamiaji kutoka Italia. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari walishangaa kuona watu wake hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo kama wenzao wa Bangor, mji wa jirani, ingawa walivuta sigara na kula mafuta vilevile. Walichokuwa nacho zaidi ni nyumba za vizazi vitatu, kanisa moja, na barabara ambazo jioni kila mtu yuko nje. Vijana walipopata hela wakajenga nyumba kubwa pembezoni, wakaweka uzio, na baada ya miaka kadhaa Roseto ikafanana na majirani zake kwa vifo vya moyo. Nikiisoma habari ile naliona geti la Goba.

Kama hali yako inakulazimisha nyumba ya geti, na kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu au aliyepooza inaweza kuwa ndiyo sahihi, basi fanya ambalo sisi hatukulifanya. Mpeleke mzee kwa mjumbe wa shina, mtambulishe kama anavyotambulishwa mgeni wa heshima. Tafuta jumuiya au msikiti ulio umbali wa kutembea. Mwachie kazi moja ya nyumba iwe yake, na dada wa kazi aambiwe hivyo mbele yake.

Tandika: nyumba ya wapangaji

Huku alikwenda kwa wiki mbili tu, kaka alipopata safari. Akakaa miezi mitano.

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba sita, uani kuna choo, bafu na kamba za nguo. Familia tano, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Anayejua nyumba hizi anajua kwamba LUKU ndiyo chanzo cha ugomvi wote: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajatoa mchango. Wiki ya tatu wapangaji wakaamua hela ya umeme ashike bibi, kwa kuwa hana upande. Mama yangu, aliyekuwa anarudia swali mara tatu kwa saa, akawa na daftari. Alijua nani katoa elfu tano na nani anadaiwa elfu mbili tangu Jumapili. Sikuamini hadi nilipolifungua lile daftari mwenyewe.

Asubuhi alikaa kibarazani na ungo, anamchambulia mchele mama ntilie wa nyumba ya pili. Watoto wanaokwenda shule wanampitia, "Shikamoo bibi," "Marahaba, kitabu kiko wapi?" Akikosekana kibarazani, mtu anauliza. Alitembea hadi sokoni na hadi kanisani, na miguu ikarudi. Kusahau hakukuisha, ila kulipungua kiasi cha kila mmoja wetu kukiri.

Hapa niseme neno kuhusu baba zetu. Kibaraza cha mama hakimfai baba. Mzee wa kiume anahitaji kijiwe chake: kahawa, bao, gazeti, ubishi wa siasa na mpira. Unguja, pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, utawakuta jioni kwenye baraza za mawe na vikombe vidogo mkononi. Nimeona wanaume wengi waliostaafu wakazimika haraka kuliko wake zao, kwa sababu watu wao wote walikuwa wa kazini, na kazi ilipokwisha hawakuwa na mtaa. Ukimhamisha baba, kagua kijiwe kabla ya kukagua chumba.

Sasa ubaya wa Tandika, nao si mdogo. Joto. Vigodoro, zile ngoma za mtaani, hadi alfajiri. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia koridoni. Na choo cha uani: usiku mmoja mama alitoka gizani, sakafu ina sabuni, akateleza akavunjika kifundo cha mkono. Wapangaji watatu walikuwa wameshamfunga kanga na kumpakia kwenye bajaji kabla dada yangu hajaamka. Dada, aliyelala chumba kile kile, ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Hiyo ndiyo Tandika kwa usiku mmoja, ubaya wake na uzuri wake.

Taa moja ya uani, bomba la kushikia ukutani na ndoo ya usiku vingetugharimu pungufu ya nauli tulizotumia kwenda kumtoa mama POP, ile plasta ngumu ya mkononi. Ukiamua mzee akae uswahilini, anza na choo. Kabla ya godoro, kabla ya feni, choo.

Kijijini: kwake mwenyewe

Baada ya mkono kupona, mama alisema anataka kwake. Hakubembeleza. Alifunga kanga zake na kutuambia tarehe.

Sihitaji kukueleza sana uzuri wa kijijini, unaujua. Kule mama ana jina, ana ukoo, ana kaburi la mumewe nyuma ya migomba. Anakula bada, ugali wa muhogo, kwa mboga ya mshunga aliyoichuma mwenyewe. Miteremko ile ni mazoezi ambayo hakuna anayelazimika kumkumbusha ayafanye.

Ila kijiji tunachokibeba kichwani sisi tulioondoka ni cha zamani. Mama alirudi akakuta wenzake wawili wa kwaya wamefariki na wa tatu haoni. Vijana wamekwenda mjini, na nyumba tatu za jirani zina wajukuu na bibi tu. Ile saa nne niliyoitaja mwanzo, kijijini inategemea jirani mmoja, naye ana miaka 80. Kitambulisho cha matibabu bure cha mzee anacho, zahanati inampokea vizuri, lakini mara mbili alikwenda akaambiwa dawa ya presha imekwisha aje wiki ijayo. Mvua ikinyesha, bodaboda haipandi. Mara ya tatu alikosa dawa siku 11, na aliposhushwa hospitali presha ilikuwa 190 kwa 110. Angeweza kupata kiharusi, na tusingejua hadi jioni.

Kuna jambo jingine ambalo watoto tunaogopa kuliuliza. Sehemu za Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wa kiume wenye mvi wameuawa vivyo hivyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotakiwa. Kijijini kwetu sijasikia hilo. Hata hivyo niliuliza, na wewe uliza: kuna mgogoro wa ardhi? Kuna ndugu anayesubiri mzee aondoke? Kama jibu ni ndiyo, hewa safi na mboga za majani hazitamkinga.

Wala usidhani kijijini hakuna ugonjwa wa kusahau. Utafiti uliofanyika vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kiwango chake ni asilimia 6.4 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Wilaya hiyohiyo baadaye walijaribu tiba ya vikundi: wazee wanakaa pamoja, wanazungumza, wanaimba, wanakumbushana mambo ya zamani, wanacheza michezo ya kufikiri. Uwezo wao wa kufikiri ulipanda, wasiwasi ukapungua. Ndiyo maana nasema kijiji chenye kikundi kinachokutana kila wiki ni tofauti kabisa na kijiji chenye bibi kumi, kila mmoja kwake.

Soni: mji mdogo

Wazo lilikuwa la mama. Alisema, "Kijijini watu wamepungua, lakini wote siku ya gulio wanashuka Soni."

Tumempangia vyumba viwili vya mbele, kando ya njia wanayopita wenye mizigo, shilingi 60,000 kwa mwezi. Anaishi na mjukuu wa shangazi yangu anayesoma sekondari pale. Maduka ya dawa yako umbali wa dakika tano, na gari la kwenda hospitali ya wilaya linapita mlangoni. Siku ya gulio wanawake wa kijijini wanatua matenga yao kwake, wanakunywa maji, wanaacha habari na mihogo. Shamba amemkodisha jirani, na yeye mwenyewe hupanda kuliona mara mbili kwa mwezi. Amejiunga na kikoba cha kina mama 15, hisa shilingi 2,000 kwa wiki.

Hicho kikoba nilikidharau mwanzoni. Kisha nikasoma kuhusu Okinawa, kisiwa cha Japani kinachosifika kwa vikongwe wake, na vile vikundi vyao viitwavyo moai. Vilianza kama michezo ya kuchangiana hela, kila mwezi mmoja anapokea, na watu wakaendelea kukutana humo kwa miaka mingi hadi uzeeni. Kina mama wa Soni wangewaelewa bila mkalimani.

Kuna la hela pia. Mdogo wetu alikuwa akituma kwa kaka, kaka anamnunulia mama. Sasa inaingia kwenye simu ya mama, na hilo peke yake lilimnyoosha mgongo. Zanzibar wamelielewa hili kabla yetu wa bara: pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini mzee mwenye hela yake anachangia harusi, anatoa rambirambi, anabaki kwenye orodha ya watu. Ila mfundishe asimpe mtu namba ya siri, na zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" azifute.

Soni nako si peponi. Malori yanapita karibu, baridi ya Juni na Julai inaumiza magoti yake, na mjukuu akimaliza kidato cha nne itabidi tutafute mwingine. Pia sisi watoto tuko mbali. Kila Jumamosi ninapokumbuka hilo naumia.

Makao ya wazee

Nitayapitia haraka. Makao ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, au Welezo na Sebleni kwa Unguja yapo kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, makao yakiwa hatua ya mwisho. Kwa mzee anayepigwa au kufungiwa ndani na ndugu zake, ningemshauri yeyote asione aibu kumwendea afisa ustawi wa jamii. Kwa mwenye watoto wanne wanaojiweza, kama sisi, sikuona namna ya kulitamka.

Ningechagua vipi kwa mzee wako

Kama anatembea, anazungumza na anahitaji vidonge tu, ningeanza na mji mdogo ulio karibu na kwao, kisha uswahilini, halafu kijijini penye kikundi kinachokutana, na nyumba ya geti mwisho. Kama anahitaji hospitali zaidi ya mara moja kwa wiki, geuza orodha, ila mfungulie geti. Kama anapotea njia, usimpeleke mahali pageni kabisa. Mtaa aliouishi miaka 30 utamrudisha nyumbani, mtaa mpya utampoteza. Kabla ya yote mpime masikio na macho, maana mzee asiyesikia anaacha kwenda kwenye mikutano, nasi tunasema amekuwa mkimya. Halafu mwite kikaoni, aache masufuria.

Ijumaa iliyopita nilimpigia mama saa nne asubuhi, simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, kimya. Nikampigia muuza mkaa wa nyumba ya pili, na kabla sijamaliza salamu akaniambia, "Mama yako yuko gulioni tangu saa mbili. Simu kaiacha kwangu ichajiwe, naiona inaita."